Kuzunguka, Kuzingira na Kuandama: Vigezo vya Kuhakiki Mchanganyo wa Sauti katika Albamu ya Majaribio na katika Mdundiko wa Wazaramo

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa muziki katika Kiswahili umejikita zaidi katika maneno. Mashairi ya taarabu, nyimbo za dansi na nyimbo za jando na unyago zimechambuliwa kwa dhamira, kwa taswira na kwa mpangilio wa vina na mizani. Sauti yenyewe, yaani mahali inapotoka, umbali wake na jinsi inavyomkuta msikilizaji, imeachiwa mafundi mitambo. Upungufu huu hudhihirika pale mhakiki anapokabiliwa na kazi ambayo maneno si kiini chake. Albamu ya roki ya majaribio, iliyochanganywa ili isikike kwa spika tano au zaidi zilizopangwa pande zote za msikilizaji, ni kazi ya namna hiyo. Mdundiko unaopita katika vijiji vya Kisarawe na mitaa ya Kibaha nao ni kazi ya namna hiyo, ingawa haukuhitaji spika hata moja.

Makala haya yanaziweka kazi hizo pamoja. Hoja yake ni kwamba mchanganyo wa sauti wenye pande nyingi hauna budi kupimwa kwa nafasi unayompa msikilizaji, wala si kwa wingi wa sauti zinazopita nyuma ya kisogo chake. Kipimo hicho kinapatikana katika lugha ya Kiswahili yenyewe, endapo vitenzi vyake vitatumiwa kwa uangalifu, na kinapatikana pia katika ngoma ya Wazaramo.

2.0 Suala la istilahi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lianzishwe mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ianze kazi yake mwaka 1970, uundaji wa istilahi umesisitiza kwamba dhana moja iwe na neno moja. Katika uwanja wa sauti za mitambo kanuni hiyo haijatimizwa. Maneno stirio, spika na mikrofoni yamekwisha kuzoeleka. Lakini ule mpangilio ambao sauti humjia msikilizaji kutoka mbele, ubavuni na nyuma huweza kuitwa na mmoja sauti ya mzunguko na mwingine sauti ya kuzingira, kana kwamba maneno hayo ni mamoja.

Si mamoja. Kitenzi kuzunguka kinabeba mwendo: kinachozunguka hupita upande mmoja kisha mwingine, nacho huweza kurudi pale kilipoanzia. Kitenzi kuzingira hakihitaji mwendo. Askari waliouzingira mji wanaweza kuketi tu mahali pao. Kinachotakiwa ni kwamba aliye ndani asiwe na upande ulio wazi. Kutokana na kitenzi hicho hicho ndiko lilikopatikana neno mazingira, yaani hali yote anamoishi kiumbe. Tofauti hii ndogo ya maana ndiyo hasa tofauti inayotenganisha mchanganyo dhaifu na mchanganyo bora, kama itakavyoonyeshwa. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia sauti ya kuzingira kwa mpangilio wenyewe, na kuliacha neno mzunguko litaje mwendo wa sauti moja moja ndani ya mpangilio huo.

3.0 Albamu mbili

Kwa jinsi ulivyopendekezwa na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) katika miaka ya 1990, mpangilio wa kawaida una spika tano: moja katikati ya mbele, mbili nyuzi 30 kushoto na kulia kwake, na mbili nyingine nyuzi 110 hivi kwa kila upande, yaani nyuma kidogo ya masikio. Mkondo wa sita hubeba sauti nene tu, zile za chini ya hezi 120. Duara hili lina kitovu kimoja. Aliyekaa kitovuni husikia kila kitu kwa kiasi alichokusudia fundi. Aliyesogea hatua mbili husikia spika iliyo karibu naye ikizimeza nyingine. Kwa maneno mengine, chumba kizima kimejengwa kwa ajili ya kiti kimoja.

Albamu ya Pink Floyd iitwayo The Dark Side of the Moon ilitoka mwaka 1973, wakati wa majaribio ya spika nne. Mhandisi wake, Alan Parsons, aliichanganya kwa mikondo minne. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2003, James Guthrie aliichanganya upya kwa spika tano na ule mkondo wa sauti nene. Sauti za saa nyingi zinazolia kwa pamoja mwanzoni mwa wimbo uitwao Time zilirekodiwa na Parsons dukani kwa muuza saa, kwa nia ya kuonyesha uwezo wa mikondo minne. Hapa kuzingira kuna maana. Duka la saa kwa hakika humzingira aliyesimama ndani yake, na kila saa hulia mahali pake bila kuhama; msikilizaji hana pa kugeukia wakati unapomdai. Katika wimbo wa On the Run, kwa upande mwingine, mlio wa kinanda cha umeme hupelekwa huku na huko kuzunguka chumba. Usikilizaji wa kwanza husisimua. Wa tatu humwacha mhakiki akijiuliza ni nani anayekimbia, kwa kuwa msikilizaji mwenyewe amekaa palepale kama mtazamaji wa mbio uwanjani. Inawezekana kutetea uamuzi huo kwa kusema kwamba wasiwasi wa msafiri ndio unaozunguka. Utetezi huo una nguvu kiasi, lakini unategemea jina la wimbo kuliko sauti yake.

Kazi iliyo ngumu zaidi kuhakiki ni Zaireeka ya kundi la The Flaming Lips la jimbo la Oklahoma, Marekani, iliyotolewa mwaka 1997. Jina lake limeunganisha Zaire na eureka, neno la Kiyunani la mtu aliyegundua jambo. Albamu hii ina nyimbo nane, lakini kila wimbo umegawanywa katika diski nne zinazopaswa kupigwa kwa wakati mmoja katika mashine nne. Wazo hilo lilitanguliwa na majaribio ya mwaka 1996, ambapo kiongozi wa kundi, Wayne Coyne, aliwagawia watu kanda wazipige kwa pamoja katika magari yao kwenye maegesho.

Ifahamike kwamba mashine nne haziendi sawasawa kamwe. Vidole vinne havibonyezi kwa nukta moja, na kila mashine ina mwendo wake mdogo wa kuwahi au kuchelewa. Kwa hiyo hakuna mchanganyo mmoja wa Zaireeka ambao mhakiki anaweza kuuita sahihi. Aidha, mtu mmoja ni shida kuisikiliza peke yake. Anahitaji jirani na mashine za jirani. Wapo wanaoiona albamu hii kuwa mzaha wa gharama. Hata hivyo, msomaji aliyezoea ngoma za Pwani ataona kwamba kile kinachoitwa majaribio huko Oklahoma kina jamaa wa karibu sana mashambani kwa Wazaramo.

4.0 Mdundiko kama mchanganyo

Mdundiko ni ngoma ya mwendo. Huchezwa mwali anapotolewa nje na katika arusi, na wapigaji hawasubiri watu wawafuate uwanjani: hutembea na ngoma zao, huku wachezaji na waitikiaji wakiwa mbele, pembeni na nyuma yao. Mila za unyago wa Wazaramo zimeelezwa kwa kina na Marja-Liisa Swantz (1970), ambaye aliziangalia kama mfumo wa ishara. Mpangilio wa sauti katika msafara unaweza kuangaliwa kwa jicho hilo hilo.

Chukuliwe msafara wenye urefu wa mita 50. Sauti husafiri kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Basi pigo la ngoma ya mbele humfikia mtu wa mwisho likiwa limechelewa kwa karibu sehemu 15 za mia za sekunde. Ikiwa mapigo yanafuatana kwa nusu sekunde, kuchelewa huko ni karibu theluthi ya nafasi iliyopo kati ya pigo na pigo. Mtu wa mwisho anapiga makofi sawasawa na ngoma anayoisikia yeye, lakini makofi yake yanapomrudia mpigaji yamechelewa maradufu. Kila mmoja yuko sahihi mahali alipo, na hakuna mahali ambapo wote wako sahihi kwa pamoja. Hali ambayo Zaireeka iliitafuta kwa mashine nne hupatikana katika mdundiko kwa urefu wa njia tu. Tofauti ni kwamba katika mdundiko hali hiyo haikukusudiwa kumshangaza mtu, na manju hulazimika kuitawala: akiona mkia unalegea hurudi nyuma, au huufupisha msafara.

Mazingira ya mahali nayo yanaingia katika mchanganyo. Katika njia ya mchanga ya upande wa Maneromango, wilayani Kisarawe, kati ya mikorosho na miembe, hakuna ukuta wa karibu wa kurudisha sauti. Majani na mchanga hunywa milio myembamba, na aliye mbali hubakiwa na mrindimo. Kibaha, jirani na Maili Moja kwenye barabara kuu ya Morogoro, nyumba za matofali zimekaribiana. Vigelegele hugonga ukuta na kurudi vikitokea upande ambao hakuna mtu, na lori linalopita huziba kila kitu kwa sekunde kadhaa. Ngoma ni ileile, lakini mhakiki amesikia michanganyo miwili. Sauti nene, kwa kuwa sikio ni dhaifu katika kutambua upande zinakotoka, hubaki bila makao katika sehemu zote mbili: mtu huihisi ngoma kubwa kifuani kabla hajajua iko upande gani. Mafundi waliotenga mkondo wa sita kwa sauti hizo wameitumia sifa hiyo hiyo ya sikio.

Hapa kinahitajika kitenzi cha tatu. Mdundiko hauzunguki, na kuzingira peke yake hakutoshi kuueleza, kwa sababu anayeusikia kwa ukamilifu ni yule anayetembea nao. Huandamwa. Watoto wa Pwani huonywa wasije wakaufuata mdundiko wakapotea, na onyo hilo ni uhakiki wa sauti kwa njia yake: linakiri kwamba mchanganyo huu humhamisha msikilizaji bila yeye kujua amefika wapi. Spika zinazozunguka hazijawahi kumpoteza mtu njia.

5.0 Kiti cha katikati

Kwa miaka mingi ngoma hizi ziliwafikia wananchi wengi kwa njia ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo masafa yake ya kati na mafupi yalibeba mkondo mmoja tu wa sauti. Mkondo mmoja una mbele na mbali, lakini hauna upande. Jukwaa nalo lilifanya kazi inayofanana na hiyo. Kuanzia kikundi cha ngoma cha taifa cha miaka ya 1960 hadi Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, ngoma ya njiani ilipangwa upya ikabiliane na watazamaji walioketi upande mmoja. Mdundiko wa jukwaani una kushoto na kulia, nyuma haupo. Rekodi ya stirio inayofanywa mbele ya jukwaa hilo, hata ikiwa safi namna gani, hunasa mpangilio wa jukwaa na kuupa jina la mdundiko.

Mtafiti wa leo ana vifaa vingi zaidi. Simha Arom, alipofanya kazi Jamhuri ya Afrika ya Kati katika miaka ya 1970, alimrekodi kila mpigaji peke yake huku akisikiliza sehemu iliyotangulia kwa vifaa vya masikioni, na hivyo akaweza kuichambua miziki ya sauti nyingi iliyosukwa pamoja. Njia hiyo inafaa kwa uchambuzi wa mapigo. Kwa mdundiko ingefuta kile kuchelewa kwa mkia wa msafara, ambacho kimeonyeshwa hapo juu kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Mifumo mipya, kama ule wa Dolby Atmos uliotoka mwaka 2012, huipa kila sauti mahali pake katika nafasi badala ya kuifunga kwenye spika maalumu. Kwa hiyo yaelekea mtu ataweza kuchukua sauti za msafara wa Kisarawe na kumkalisha msikilizaji popote apendapo fundi.

Popote hapo ndipo penye tatizo. Kishawishi cha fundi kitakuwa kumweka msikilizaji katikati, maana ndivyo kiti cha spika tano kilivyo. Lakini katika siku ya kutolewa nje, katikati ni pa mwali. Mara nyingi hubebwa mabegani, juu ya vichwa vya watu, na sauti zote za chini zinaelekezwa kwake. Baadhi ya maneno anayoimbiwa hufahamika kwa waliopita unyago tu. Ameifikia nafasi hiyo baada ya kipindi cha kutawa na mafunzo. Mchanganyo unaompa kiti hicho kila mnunuzi mwenye vifaa vya masikioni utakuwa bora kwa vipimo vya kiufundi, nao utakuwa umesema uongo kuhusu ngoma.

Inapasa basi mikrofoni zibebwe na watu wanaotembea mkiani na ubavuni mwa msafara, mbili kwa kila mbebaji, zikielekea mbele na nyuma, na njia iliyopitwa iandikwe pamoja na saa ya kila kituo. Juu ya mabega ya wabebaji wa mwali pasiwekwe kitu, isipokuwa pale wanawake wenye unyago huo watakapoombwa na kuridhia wenyewe.