Programu za Kukagua Makala za Kisayansi

Kabla makala ya kisayansi haijachapishwa, wataalamu huisoma na kuihakiki. Hata hivyo, macho huchoka na makosa ya hesabu hupita. Siku hizi zipo programu za kompyuta za kuwasaidia. Kwa mfano, statcheck, iliyobuniwa Uholanzi, husoma makala, hukokotoa upya matokeo ya takwimu na kuonyesha yasiyolingana.

Mwaka 2016, Nick Brown na James Heathers walieleza kipimo kiitwacho GRIM. Hiki unaweza kukifanya hata kwa kalamu.

Mfano: Wanafunzi 25 walijibu swali kwa kuchagua namba nzima kuanzia 1 hadi 5. Mtafiti ameandika kuwa wastani ni 3.46. Je, inawezekana?

Jibu:
Jumla = wastani × idadi = 3.46 × 25 = 86.5
Jumla ya namba nzima haiwezi kuwa na desimali. Jaribu zilizo jirani:
86 ÷ 25 = 3.44
87 ÷ 25 = 3.48
Kati ya 86 na 87 hakuna namba nzima nyingine. Kwa hiyo, wastani huo hauwezekani.

Zingatia: Kipimo huonyesha kosa, hakionyeshi chanzo chake. Usikimbilie kusema mtafiti amedanganya. Ikiwa mwanafunzi mmoja hakujibu, idadi ni 24, na 83 ÷ 24 = 3.46 kwa nafasi mbili za desimali. Hapo wastani ni sahihi. Kilichokosewa ni idadi. Mashine hutilia shaka, binadamu huuliza na kuamua.

Jipime: Watu 20 walichagua namba nzima. Onyesha kuwa wastani wa 2.37 hauwezekani.