Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu

Leo sikuleteeni hadithi ya sungura na fisi. Nimewaletea somo la bayolojia, tena kwa Kiswahili chetu.

Je, umewahi kupasua bua kavu la mahindi wakati wa kiangazi? Huenda ukamkuta kiwavi humo ndani, katulia tuli. Usidhani amekufa! Huyo ni yule mtoboaji wa mabua ambaye wanasayansi humwita Busseola fusca. Anaweza kukaa humo miezi 6 au zaidi bila kukua. Mbona hakui?

Jibu ni homoni. Nyuma ya ubongo wa mdudu mna tezi mbili ndogo zinazotoa homoni ya utoto. Ikiwa nyingi mwilini, kiwavi hubaki kiwavi, hata akijivua ngozi. Mvua ikinyesha, bua hulowa, naye hupata maji. Homoni ile hupungua, kiwavi akawa pupa, kisha nondo. Nondo jike hutafuta mahindi machanga, akataga mayai.

Ajabu ni kwamba homoni hiyo hiyo, kwa mdudu mzima, hufanya kazi nyingine kabisa. Chukua nzige wa jangwani, kama wale waliovamia Kenya kuanzia mwisho wa 2019. Akiota mabawa huwa wa rangi ya waridi na hawezi kuzaa. Homoni ikiongezeka, hugeuka manjano, na jike huanza kujaza mayai kiini. Kwa hiyo neno ni lile lile: kwa mtoto husema "ngoja," kwa mzima husema "zaa." Mkenya mwenzetu, marehemu Profesa Thomas Odhiambo, aliyeanzisha kituo cha ICIPE Nairobi mwaka 1970, alichunguza jinsi homoni zinavyowakomaza nzige dume.

Sasa, somo hili latufaa nini? Kijijini kwetu wengi huyarundika mabua kando ya shamba hadi mvua ya masika, kisha wanashangaa mahindi yakitobolewa yangali ya magotini. Adui walimlaza wenyewe! Mimi nasema mabua yakatwe mapema, ng'ombe wapewe wale, yanayobaki yatandazwe juani yakauke kabisa. Tumwahi angali amelala, kwani mvua ikimwamsha, ugali wetu ndio utakaopungua.