"Moto haina moto": somo la kutafuta hitilafu ya umeme na cheche

1. Utangulizi

Katika miji yetu ya mashariki ya Kongo, neno *moto* limebeba mizigo mitatu. Kwa Kifaransa kilichofupishwa, moto ni pikipiki. Kwa Kiswahili cha nyumbani, moto ni kile kinachounguza. Kwa fundi wa gereji, moto ni umeme unaopita katika waya, au cheche inayoruka kwenye buji. Kwa hiyo mteja akisema "moto haina moto", sarufi yake haina kosa, ila bado hajasema kitu ambacho fundi anaweza kukipima.

Mwanafunzi wa lugha asidhani jambo hili ni la mafundi peke yao. Fundi asiyeuliza "moto gani?" huanza kubadilisha vipande kimoja baada ya kingine. Mwendeshaji hununua CDI mpya kumbe waya mmoja umechubuka, naye jioni bado anadaiwa hesabu na mwenye chombo. Swali moja zuri lingemwokolea fedha ya siku kadhaa. Somo hili linaonyesha namna ya kuuliza na namna ya kupima kwa mfuatano. Mfano wetu ni pikipiki ndogo ya CDI. Pikipiki nyingi za magurudumu manne zina mfumo wa namna hiyo hiyo.

2. Maneno ya kazi

Mafundi wetu wamerithi maneno ya Kifaransa, na wenzao wa Tanzania na Kenya ya Kiingereza. Anayesoma au kutafsiri mwongozo ajue jozi hizi:

- *buji* kwetu, *plagi* kwao: hapo ndipo cheche inaporukia;
- *bobini* kwetu, *koili* kwao: inakuza nguvu ya umeme;
- *batri* kwetu, *betri* kwao;
- *fizibli* kwetu, *fyuzi* kwao;
- *masi* kwetu, *athi* kwao: mwili wa chuma unaorudisha umeme.

Tahadhari na neno *stata*. Kwa fundi wa Tanzania, stata ni mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha, ambayo sisi twaiita *demareri*. Koili zilizokaa kando ya gurudumu la sumaku tuziite *statori*, tusije tukaagiza kipande kisichohusika.

3. Cheche inatoka wapi?

Injini ikizunguka, gurudumu lenye sumaku huzunguka pamoja nayo kando ya statori, na umeme huzaliwa humo. Sehemu ya umeme huo huchaji batri. Koili ndogo ya pembeni, tuiite *kihisi*, huiarifu CDI kwamba saa ya cheche imefika. CDI huwa imekwisha kuweka akiba ya volti mia kadhaa ndani ya kapasita. Ikipata habari, huimwaga akiba hiyo kwa ghafla katika bobini. Bobini huikuza hata ipite volti elfu 10, na hapo umeme huweza kuruka pengo la buji.

CDI ziko za aina mbili. Moja hulishwa na statori, nayo hutoa cheche hata batri ikiwa imekufa. Nyingine hulishwa na batri. Batri ikifa, cheche nayo hufa. Lazima fundi ajue aina aliyo nayo kabla ya kutoa hukumu.

4. Mfuatano wa kupima

*Hatua ya kwanza: vizuizi.* Tazama ufunguo, kitufe cha kuzimia kwenye usukani na gia huru. Kwenye magurudumu manne, tazama pia kamba ya usalama kama ipo: ikichomoka, injini haiwaki.

*Hatua ya pili: batri.* Batri nzima ya volti 12, ikipumzika, husoma karibu volti 12,6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12, imeishiwa. Kagua fizibli, na misumari ya batri kama ina kutu au imelegea. Injini ikiwaka na kuongezwa mwendo, kipimo kipande hadi karibu 14. Kisipopanda, tafuta kasoro upande wa kuchaji: statori, regileta au waya zake.

*Hatua ya tatu: cheche.* Toa buji, irudishe katika kofia yake, ugusishe chuma chake na injini, mbali na tundu la silinda na mbali na petroli. Shika mpira wa kofia tu, usishike chuma. Zungusha injini. Cheche ya buluu inayoruka kwa nguvu ni njema. Hapo acha umeme, ugeukie petroli, hewa na mgandamizo. Cheche nyembamba ya rangi ya manjano au nyekundu ni dhaifu. Ikikosekana kabisa, jaribu kwanza buji nyingine iliyo nzima.

*Hatua ya nne: waya wa kuzimia.* Katika CDI nyingi zinazolishwa na statori, injini huzimwa kwa kuugusisha waya mmoja na masi. Waya huo ukichubuka na kugusa fremu, pikipiki hujizima yenyewe, hasa barabara ikiwa ya mashimo au mvua ikinyesha. Uchomoe kwenye CDI, upime cheche tena. Ikirudi, CDI ni nzima. Kasoro iko kwenye waya, ufunguo au kitufe. Urudishe waya kabla ya kuwasha injini, la sivyo ufunguo hautaizima.

*Hatua ya tano: koili.* Kwa multimeta, linganisha ukinzani wa bobini, kihisi na statori na namba za mwongozo wa chombo chenyewe. Pikipiki inayowaka asubuhi, ikafa ikipata joto, kisha ikawaka tena baada ya kupoa, mara nyingi ina koili inayokatika ndani kwa joto. Ipime ingali moto.

*Hatua ya mwisho: CDI.* Multimeta ya kawaida haitoshi kuihukumu. Ijaribu kwa kuazima nyingine ya aina ile ile, baada ya hatua zote kupita.

5. Zoezi

Geuza kila lalamiko kuwa swali linalopimika, kisha taja hatua ya kuanzia:

a) "Demareri inalia tu *tak*, haizunguki."
b) "Inakufa kila mara nikipita kwenye mashimo."
c) "Taa zinawaka vizuri, lakini buji haitoi kitu."

6. Hitimisho

Lugha ya gereji si lugha mbovu. Ina maneno yake, na mengi yanafaa kuingia katika kamusi zetu. Lakini neno linalobeba maana tatu linahitaji swali la pili. Anayeandika mwongozo kwa Kiswahili aandike *cheche* panapohusu cheche, *umeme* panapohusu umeme, na *pikipiki* panapohusu chombo. Hapo hata fundi aliye mbali na mji, akiwa na buji ya akiba na multimeta ndogo, ataweza kufuata maandishi bila kubahatisha.