Majibu ya Maabara Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa Mpya

Mkazi wa kata ya Nyamisangura, mjini Tarime, akishikwa na homa kali, kuumwa kichwa na maumivu ya viungo, wazo la kwanza la nduguze huwa ni malaria. Wazo hilo si baya, kwa kuwa malaria imeenea katika mikoa iliyozunguka Ziwa Victoria. Lakini dalili hizo hizo ndizo zinazotangulia homa ya matumbo, homa ya Bonde la Ufa, na hata ugonjwa wa Marburg, ambao kwa wastani huua karibu nusu ya wanaoupata. Katika siku za mwanzo hapana tabibu awezaye kuyatenga magonjwa hayo kwa kumtazama mgonjwa tu. Hapo ndipo kazi ya maabara inapoanza.

Tarime iko kwenye njia kuu itokayo Mwanza na Musoma kwenda mpaka wa Sirari na Kenya. Kwa hiyo jibu la maabara likikosewa, hasara haimpati mgonjwa peke yake, bali humfikia muuguzi, abiria na familia inayojiandaa kwa mazishi. Yafaa basi mwanafunzi aelewe jibu hilo hupatikanaje, na linaweza kuaminiwa kwa kiasi gani.

1. Zamani na sasa

Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa usiojulikana ulizuka katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Wenyeji waliuita chikungunya, kwa jinsi ulivyowakunja watu kwa maumivu ya viungo. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, walikitenga kirusi chake kwa kuwachoma panya wachanga maji ya damu ya wagonjwa, kisha kungoja waugue. Njia hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilihitaji muda mrefu, na mlipuko haungoji.

Siku hizi njia inayotegemewa zaidi ni PCR, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983. Kirusi hakitafutwi chenyewe, bali hutafutwa kipande cha maandishi yake ya urithi. Kirusi cha Marburg huandika urithi wake kwa RNA. Kwa sababu hiyo RNA hugeuzwa kwanza kuwa DNA. Kisha kipande kilichochaguliwa hunakiliwa katika mashine, na kila mzunguko huongeza idadi yake mara mbili: 1 huwa 2, 2 huwa 4, 4 huwa 8. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja huweza kuwa 2 kwa kipeo cha 30, yaani zaidi ya bilioni 1. Rangi inayong'aa huonyesha kwamba nakala zinaongezeka.

Nguvu ya kipimo hiki ndiyo pia hatari yake. Kinachokuzwa hukuzwa, kiwe kimetoka kwa mgonjwa au kimerushwa kwa bahati mbaya kutoka sampuli ya jirani. Kwa hiyo kila awamu ya upimaji haina budi kuwa na sampuli za ulinganisho: moja ya maji safi, ambayo lazima itoe jibu hasi, na moja yenye kipande kinachotafutwa, ambayo lazima itoe jibu chanya. Maji yakitoa jibu chanya, awamu nzima hutupwa na kazi huanza upya.

2. Jibu hasi lina maana gani?

Tarehe 21 Machi 2023 Tanzania ilithibitisha kwa mara ya kwanza ugonjwa wa Marburg, katika wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera. Uthibitisho huo ulitolewa na Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, wagonjwa walikuwa 9, na 6 kati yao walikuwa wamefariki.

Mlipuko wa pili una fundisho kubwa zaidi. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa waliotiliwa shaka mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikaeleza kwamba sampuli zilizokwisha kupimwa hazikuonyesha Marburg. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Sampuli yake ilipimwa katika maabara inayohamishika mkoani Kagera, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam. Sampuli nyingine 25 zilitoa majibu hasi. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025: waliothibitishwa walikuwa 2, na wengine 8 walihesabiwa kuwa wagonjwa wa kudhaniwa, kwa kuwa walikwisha kufariki kabla mlipuko haujathibitishwa. Wote 10 walifariki.

Mwanafunzi asidhani kwamba taarifa moja lazima iwe ya uongo ili nyingine iwe ya kweli. Jibu hasi husema tu kwamba kipande kinachotafutwa hakikuonekana katika sampuli ile, siku ile. Halisemi lolote juu ya mtu aliyezikwa bila kupimwa. Tena katika siku za mwanzo za dalili kirusi huweza kuwa kichache mno katika damu. Ndiyo sababu mtu anayetiliwa shaka ya Marburg, akipimwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze na jibu likawa hasi, hupimwa tena baadaye. Kadhalika mlipuko hautangazwi kwisha mpaka siku 42 zipite bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21, ambazo ndizo nyingi kabisa kirusi huweza kujificha mwilini kabla ya dalili.

3. Jibu chanya lina maana gani?

Na ichukuliwe kwa mfano kwamba wasafiri 10,000 wanapimwa mpakani kwa kipimo kinachogundua wagonjwa 90 kati ya 100, na kinachowasingizia wazima 2 kati ya 100. Hesabu hizi ni za mfano tu.

Wagonjwa wakiwa 1,000, kipimo kitawagundua 900. Kati ya wazima 9,000, kitawasingizia 180. Majibu chanya yote ni 1,080, na ya kweli ni asilimia 83.

Wagonjwa wakiwa 10 tu, kitawagundua 9. Kati ya wazima 9,990, kitawasingizia karibu 200. Majibu chanya ni 209, na ya kweli ni asilimia 4 hivi. Kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni wingi wa ugonjwa katika watu.

Sasa hao 209 wapimwe tena kwa kipimo kingine chenye sifa hizo hizo, lakini kisichotegemea makosa ya kile cha kwanza. Kati ya wagonjwa 9 watabaki 8, na kati ya wazima 200 watabaki 4. Majibu 8 kati ya 12 yatakuwa ya kweli. Kwa hiyo kuthibitisha jibu la kwanza katika maabara nyingine ni hesabu, wala si urasimu.

Suala hili liliwahi kufika mbele ya taifa zima. Tarehe 3 Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, Rais John Magufuli alisema kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zilirudi na majibu chanya. Mwanasayansi anaposikia habari ya namna hiyo huuliza maswali matatu kabla ya kuhukumu: sampuli za ulinganisho zilitoa majibu gani siku ile? Sampuli ziliandikwa na kusafirishwaje? Je, zilipopimwa tena mahali pengine, jibu lilikuwa lile lile?

4. Mazoezi kwa darasa

(a) Rudia hesabu ya sehemu ya 3, wagonjwa wakiwa 100 kati ya 10,000. Majibu chanya ya kweli ni asilimia ngapi?

(b) Sampuli mbili zinapimwa kwa PCR. Ya kwanza inaonekana katika mzunguko wa 20, ya pili katika mzunguko wa 30. Ipi ilikuwa na virusi vingi zaidi mwanzoni, na kwa takribani mara ngapi?

(c) Mtu wa Nyamisangura aliyerudi kutoka mahali penye mlipuko ameanza homa jana. Kipimo cha leo ni hasi. Eleza kwa nini haifai arudi nyumbani na kuchanganyika na watu.