Pombe na Watoto wa Mpakani: Sheria Zipo, Tuzitumieje?

Kiroba, yaani pakiti ndogo ya pombe kali, kilikuwa kidogo kuliko kiganja cha mtoto. Kilikaa ndani ya soksi, kwenye mkebe wa hisabati au katikati ya daftari, mwalimu asikione. Ndiyo maana, katika hatua zote ambazo serikali zetu zimechukua kuwakinga watoto na pombe, mimi naitanguliza ile ya kuondoa pombe ya pakiti. Haingoji muuzaji awe mwema. Inaondoa chombo chenyewe.

Kenya ilikataza pakiti hizo katika Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ikataka pombe kali isiuzwe katika chupa ya chini ya mililita 250. Tanzania ilipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017. Uganda ilifikia hapo mwaka 2019. Kwa hiyo, kwa takribani miaka miwili, pale Mutukula, kilichokuwa kosa upande wa Kagera kilikuwa halali hatua chache mbele. Na mtoto wa mpakani hahitaji gari wala pasipoti. Njia za panya anazijua tangu alipoanza kuchunga mbuzi.

Sasa nchi zote tatu zimekikataza, kwa hiyo ukikiona kiroba leo, Namanga, Sirari au Busia, usikichukulie kama takataka tu. Kuna mtu anakipitisha. Mwambie kiongozi wa serikali wa eneo lako siku hiyohiyo.

Kuhusu umri, hakuna utata. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, inakataza kumuuzia pombe, na inamtaka mwenye baa asimruhusu kuingia. Sheria ya Kenya nayo imeweka miaka 18, na baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Hapa wazazi tujiangalie. Wengi wetu tunamtuma mtoto dukani, "kamletee baba bia mbili," kisha tunashangaa muuzaji amemzoea. Kilichokatazwa ni kumuuzia mtoto, awe ametumwa au hakutumwa. Nenda mwenyewe.

Saa za kufunga baa nazo ni kinga kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ciudad Juárez, Mexico, inapakana na El Paso, Marekani. Juárez umri wa kunywa ni miaka 18, El Paso ni 21, kwa hiyo vijana wa El Paso walivuka kwenda kunywa. Mwaka 1999 baa za Juárez zilianza kufunga saa nane usiku badala ya saa kumi na moja alfajiri, na vijana waliokuwa wakirejea El Paso alfajiri wakiwa wamelewa wakapungua mno. Hata kwetu, halmashauri zinazotazamana mpakani zinaweza kukubaliana kufunga baa saa ileile. Liibueni jambo hili kwenye mkutano wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, lifike kwa diwani.

Ukiona mtoto anauziwa pombe, piga simu. Namba 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda. Kenya kuna pia 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya. Tanzania, kila wilaya ina afisa ustawi wa jamii, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Ukipiga, taja mtaa, duka, saa, aina ya kinywaji na upande kilikotoka. Jina la mtoto mpe afisa peke yake. Usilitaje sokoni wala kwenye kundi la WhatsApp.