Mchwa Hawakuacha Orodha: Nilivyoingiza Vitabu Vyangu Mtandaoni

Masika ya mwaka juzi mchwa walipanda kwa nyuma ya kabati langu la vitabu, hapa Tabata, wakaingia rafu ya chini kabisa. Kwa mbele hakukuwa na dalili. Migongo ya vitabu ilisimama wima kama siku zote. Mpwa wangu aliponiomba kitabu cha hadithi nikavuta kimoja, kikaja chepesi kama ganda la yai. Ndani mmejaa udongo.

Tukapatwa na kiwewe. Kwa kuhofia rafu za juu, tulizoa vyote vya chini, tukavitia kwenye viroba na kwenda kuvichoma nyuma ya nyumba. Usiku nikakaa na kalamu niandike nilichopoteza. Rafu ile ilikuwa na vitabu kama arobaini. Nilikumbuka 11. Vilivyobaki, na baadhi yake vilikuwa vya marehemu baba, sikuweza hata kuvililia kwa majina.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo nilidhani ni ya wenye maduka. Kumbe hata mwenye kabati moja la vitabu inamhusu. Wiki iliyofuata nilianza kuorodhesha vilivyobaki, na leo vyote 612 vimo kwenye simu yangu. Nawaandikia nilivyofanya, pamoja na pale nilipokwama, kwa sababu maelekezo mengi ya kazi hii huandikwa na watu ambao vitabu vyao vyote vina ile mistari myeusi ya kuskani nyuma. Vyetu havina.

Kwanza, chagua daftari

Nilijaribu tovuti tatu, zote za bure.

Goodreads, iliyoanza 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013, ni baraza la wasomaji: umesoma nini, umekipa nyota ngapi, wenzako wanasoma nini. Kwa hilo inafaa sana. Lakini mimi sikutaka kuulizwa kama kitabu nimekipenda. Nilitaka kuulizwa kiko wapi.

LibraryThing ndiyo niliyobaki nayo. Ilianzishwa 2005 na Tim Spalding huko Portland, Maine, Marekani. Zamani ukipita vitabu 200 ulilipia. Tangu 2020 hulipi. Faida yake kubwa ni kwamba haitegemei maduka tu, bali huchota taarifa kwenye maktaba kubwa za dunia. Hapo kuna siri moja iliyoniokolea wiki kadhaa: kabla ya kutafuta, chagua chanzo cha taarifa kiwe Library of Congress, yaani Maktaba ya Bunge la Marekani. Maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu 1966, na kazi ya ofisi hiyo ni kukusanya machapisho ya ukanda wetu. Kwa hiyo riwaya ya Kiswahili ambayo Amazon haijawahi kuisikia, mara nyingi utaikuta huko, imeandikwa vizuri na jina la mchapishaji na idadi ya kurasa.

Ya tatu ni Open Library, ya shirika la Internet Archive. Sikuifanya daftari langu, ila naitumia kwa kazi nyingine nitakayoieleza.

Namba inayosema kitabu kimetoka wapi

Pakua programu ya LibraryThing kwenye simu, fungua kamera, elekeza kwenye ile mistari nyuma ya kitabu. Ikisomeka, jina na mwandishi vinaingia vyenyewe. Mpwa wangu alikuwa likizo, akaifanya kazi hii kama mchezo, vitabu 60 kwa saa moja.

Mashine inachosoma pale ni ISBN. Vitabu vilivyotoka tangu 2007 vina tarakimu 13. Vya kabla yake vina 10. Ukizijua kidogo, tarakimu zenyewe zinaongea. Katika zile ndefu, baada ya 978 hufuata kundi linaloonyesha asili: 9976 na 9987 ni Tanzania, 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda. Zinazoanza na 0 ni za wachapishaji wa dunia ya Kiingereza, na ndiyo maana kitabu cha Kiswahili cha Oxford kilichochapwa Nairobi huweza kuanza na 0 19.

Kitabu chenye namba lakini kisicho na mistari, iandike kwa mkono kama ilivyo. Usiongeze 978 mbele ya tarakimu kumi ukadhani umeifanya ya kisasa, kwa sababu tarakimu ya mwisho ni ya kukagua hesabu na hubadilika. Na ukikuta X mwishoni, usiifute. "Shangazi, hii imekosewa," mpwa wangu aliniambia, kidole juu ya X. Haikukosewa, inasimama mahali pa 10.

Baada ya kuskani, tazama kilichoingia. Mara mbili niliskani kitabu kikaja kingine kabisa, kwa kuwa mchapishaji alitumia namba moja kwa vitabu viwili. Mashine haitakuambia. Jicho lako ndilo litakaloona.

Vitabu visivyo na namba

Hapa ndipo kazi ilipo. ISBN ilianza kusambaa duniani miaka ya 1970. Sasa chukua East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948 na kuchapisha Kiswahili kingi kabla ya uhuru na baada yake. Vitabu vyake vya zamani havina namba yoyote. Kadhalika vijitabu vya mashairi, vya dini, vya chama, na vile vya kujichapishia mwenyewe. Kwangu vilifika 140.

Nilivitenga vyote, nikawa nafanya 15 kila jioni. Kila kimoja nilikipiga picha mbili: ukurasa wa jina na nyuma yake, penye mchapishaji na mwaka. Jina la kitabu liandike kutoka ukurasa wa jina, si kutoka jalada, kwa sababu jalada hupambwa na maneno ya ziada. Mwaka nao una mtego. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka 1969, lakini imechapwa tena na tena kwa ajili ya shule. Nakala yangu ni ya baadaye sana. Andika yote mawili: mwaka wa toleo la kwanza, na mwaka wa nakala uliyoishika.

Umeme ukikatika au bando likiisha, usisimame. Nilikuwa naandika kwenye Excel, kisha naingiza orodha yote kwa mkupuo mtandao ukirudi. Ila kabla ya kuanza, ile safu ya ISBN iambie Excel kuwa ni maandishi, si hesabu. Mimi sikufanya hivyo. Sifuri zote za mwanzo zikafutika, na namba ndefu zikageuka kuwa 9.78E+12. Vitabu 80 nilivirudia upya, nikijilaumu.

Na kile ambacho hakipo popote, nakiongeza mwenyewe kwenye Open Library. Kufungua akaunti ni bure na mtu yeyote anaruhusiwa kuingiza kitabu. Nimeingiza 34 mpaka sasa. Inachukua dakika tano, na atakayekitafuta baada yangu, awe Mombasa au Muscat, atakikuta.

Shaaban Robert ni mtu mmoja

Nilipofika vitabu 300 nikatazama orodha ya waandishi, nikakuta ninao Shaaban Robert wawili: mmoja kwenye R, mwingine kwenye S. Tovuti hizi zimezoea kulitanguliza jina la mwisho kwa kudhani ni la ukoo. Kwetu jina la mwisho mara nyingi ni la baba au babu, na msomaji halitumii kumtafutia mwandishi.

Kibaya zaidi kilikuwa rafu ya Wazanzibari. Muhammed Said Abdulla wa Mzimu wa Watu wa Kale, Mohamed Suleiman Mohamed wa Kiu na Nyota ya Rehema, na Said Ahmed Mohamed wa Utengano: watu watatu, majina yanapigana vikumbo, na kila maktaba ina tahajia yake. Kuna siku Kiu ilijikuta chini ya Said Ahmed.

Kanuni yangu sasa ni moja: jina naliandika kwa mpangilio ule ule wa ukurasa wa jina, bila kuligeuza, na tahajia moja kwa kila mtu. LibraryThing inaruhusu kuunganisha majina yaliyogawanyika. Fanya hivyo mapema, kabla hayajawa mengi.

Kuhusu mpangilio wa namba za maktaba, ule wa Dewey, niliuacha. Riwaya, tamthilia na ushairi wa Kiswahili, vyote huanza na 896.392. Kwa maktaba ya Ohio hiyo ni kona ndogo ya kuhifadhi vitabu vichache. Kwa nyumba yangu ni nusu ya kabati. Badala yake natumia lebo zangu: riwaya, tenzi, kamusi, upelelezi, vya baba.

Kile ambacho hakuna maktaba inayokijua

Jina, mwandishi na mwaka, hata ile ofisi ya Nairobi inavyo. Kisichojulikana popote ni nakala yako. Kwa hiyo mimi hujaza vitu vitatu kwa kila kitabu.

Kwanza, mahali kilipo. Nimeandika namba kwa penseli ndani ya kila rafu, na kwenye orodha naweka mathalani K1-R3: kabati la kwanza, rafu ya tatu.

Pili, maandishi ya mkono. Baba alikuwa mwalimu, na kila alichonunua alikitia sahihi, mji na mwezi. Nimenakili yote. Kwa kufanya hivyo niligundua alikonunua vitabu kabla sijazaliwa: Tabora, Mpwapwa, Songea. Ni vituo alivyofundisha, kwa mfuatano. Historia yake ya kazi ilikuwa kabatini miaka yote.

Tatu, aliyeazima. Jina na tarehe, wakati kitabu kingali mkononi mwake, yeye akiona. Wengi hucheka, lakini vitabu vinarudi. Haya yaandike kwenye sehemu ya maoni ya faragha, si ile inayoonekana na dunia nzima.

Mwisho wa mwezi napakua orodha yote na kujitumia kwa barua pepe. Tovuti nayo ni kabati la mtu mwingine. Sijui nani anakagua mchwa wake.

Vile vya rafu ya chini

LibraryThing wana mradi wa kuorodhesha maktaba za watu waliokwisha kufa, akiwemo Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa Marekani. Mwaka 1815 Jefferson aliliuzia Bunge la Marekani vitabu vyake 6,487, na mwaka 1851 moto ukateketeza karibu theluthi mbili. Lakini orodha ilikuwepo. Kwa kuifuata, miaka zaidi ya 140 baadaye ile Maktaba ya Bunge ilianza kutafuta matoleo yaleyale moja baada ya jingine na kuziba mapengo.

Niliposoma hayo nikaingiza vile 11 nilivyovikumbuka, nikavipa lebo yake: mchwa. Na likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Kadiri nilivyokuwa nikiorodhesha vilivyo hai, vilivyokufa vilianza kurudi. Nikishika juzuu ya kwanza, naikumbuka ya pili iliyokuwa chini. Nikinakili sahihi ya baba ya Tabora, nakumbuka kijitabu kingine chenye wino uleule. Sasa vimefika 23. Vinne nimevipata tena kwa wauza mitumba wa Posta, kwa sababu safari hii najua ninachokitafuta.

Kwa hiyo ukiamua kuanza, usianze na rafu ya macho, ile yenye vitabu vizuri unavyopenda wageni wavione. Piga magoti, anza na ya chini.