Je, Msiba Huu Hauna Kilio?

Waswahili husema: msiba wa kujitakia hauna kilio. Methali hii ilikusudiwa kuwaonya walio hai wasijitie katika hatari. Lakini aghalabu hutumiwa pia juu ya kaburi. Kijana afapo kwa kuzidisha heroini, majirani hufika mazikoni, hutoa ubani, kisha hunong'ona. Mama wa marehemu huulizwa ni maradhi gani yaliyomwua mwanawe, naye hujibu, "Homa." Tangu siku hiyo huwa amebeba mizigo miwili: msiba wenyewe na siri yake. Makala haya yanaeleza jinsi kifo cha aina hii kinavyotokea mwilini, na kwa nini elimu hiyo ni sehemu ya faraja ya waliobaki.

1. Kifo kinavyotokea

Heroini hutengenezwa kutokana na mofini, ambayo hupatikana katika utomvu wa mmea wa afyuni. Mwaka 1973 watafiti walionyesha kuwa ubongo una vipokezi maalumu ambavyo dawa za jamii ya afyuni hunasa juu yake, mfano wa ufunguo katika kufuli. Baadhi ya vipokezi hivyo vimo katika shina la ubongo, sehemu inayoongoza upumuaji bila mtu kukusudia. Kwa kawaida kaboni dioksidi ikiongezeka katika damu, shina la ubongo huiamrisha misuli ya kifua ifanye kazi zaidi. Dawa ikizidi, amri hiyo hufifia. Pumzi huwa chache, mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, na mtu huonekana amelala fofofo, pengine akikoroma. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika chache huharibika, na hatimaye moyo husimama.

Yafaa jambo hili litiliwe mkazo. Ndugu aliyepita mlangoni usiku, akasikia mkoromo na kudhani mwenziwe amelala, hakuzembea. Hiyo ndiyo sura ya hali yenyewe, na asiyefundishwa hawezi kuitambua. Dawa iitwayo naloksoni huweza kuing'oa heroini katika vipokezi na kurudisha pumzi ikitolewa mapema. Hata hivyo, ilikuwa mwaka 2014 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba jamaa na marafiki nao wapewe dawa hiyo na kufundishwa kuitumia.

Jambo la pili ni mazoea ya mwili. Mwili uliozoea dawa hudai kipimo kikubwa zaidi, lakini mazoea hayo hupungua upesi dawa inapoachwa. Aliyeacha kwa miezi kadhaa, kisha akarudia kipimo chake cha zamani, anaweza kuuawa nacho. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watu waliotoka magerezani katika jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kwamba katika majuma mawili ya kwanza hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Kifo, basi, humfika hata yule aliyekuwa katika njia ya kuacha. Ni vigumu kusema kwamba mtu huyo alijitakia.

2. Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao 125,000 walikufa duniani kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni. Nchini Marekani, vifo vya kuzidisha dawa za kila aina vilipita 100,000 katika mwaka 2021 peke yake. Pwani ya Afrika Mashariki nayo imeijua heroini tangu miaka ya 1980, na mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwatibu waraibu kwa methadoni. Nyuma ya kila kifo wapo wazazi, wenzi, ndugu na watoto.

3. Huzuni isiyotambuliwa

Mwaka 1989 mtaalamu wa Kimarekani, Kenneth Doka, alieleza habari ya huzuni ambayo jamii haiitambui wala haiipi nafasi ya kuonyeshwa hadharani. Mfiwa wa namna hii huona aibu mbele ya watu, hujilaumu moyoni, na humkasirikia marehemu huku akimpenda. Pengine huhisi hata nafuu: kwa mara ya kwanza baada ya miaka, nyumba imelala bila hofu ya mlango kugongwa usiku. Kisha hujichukia kwa nafuu hiyo. Hisia hizi zote ni za kawaida, na kuambiwa hivyo waziwazi humpunguzia mtu mzigo.

Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut walionyesha kuwa mfiwa huenda na kurudi kati ya kuomboleza na kushughulikia maisha mapya. Mwanafunzi anayecheka uwanjani asubuhi na kulia darasani mchana si mnafiki. Lakini huzuni kali ikimzuia mtu kuishi maisha yake kwa zaidi ya miezi sita, kupita desturi za jamii yake, yafaa aonwe na mtaalamu.

4. Wajibu wa jamii na shule

Matanga yakisha kuanuliwa, wageni huondoka. Hapo ndipo msaada unapohitajika zaidi. Jina la marehemu litajwe, na akumbukwe kama mwana na ndugu, si kama "teja". Asiulizwe mtu namna kifo kilivyotokea; asikilizwe akipenda kueleza mwenyewe. Wafiwa wa msiba wa aina moja wakikutana, kila mmoja hugundua kuwa hayuko peke yake. Kwa nia hiyo, tarehe 31 Agosti imekuwa siku ya kuwakumbuka waliokufa hivyo. Ilianza huko Melbourne, Australia, mwaka 2001.

Mwalimu atakayefundisha somo la dawa za kulevya hana budi kukumbuka kwamba huenda mfiwa yumo darasani. Amwarifu mapema faraghani, ampe hiari ya kutokuwapo, na kamwe asikifanye kifo cha ndugu yake kuwa mfano wa onyo. Dawa zikatazwe kwa nguvu zote, lakini aliyefiwa aachwe alie.

Maswali

1. Eleza kwa nini heroini ikizidi husimamisha pumzi.
2. Kwa nini kipimo cha zamani huweza kumwua mtu aliyekuwa ameacha dawa?
3. Taja sababu mbili zinazomfanya mfiwa wa aina hii afiche msiba wake.
4. Jadilini: methali iliyotajwa mwanzoni inafaa kutumiwa wapi, na haifai wapi?